Akiru Anauliza Kama Aende Mombasa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne, neno ambalo hata karani wetu alishindwa kulitamka bila kucheka. Mgongo ndio uliostaafu. Mimi nimeufuata tu. Daktari aliiangalia picha, akaniangalia mimi, akasema fundi wa friji asiyeweza kuinua kompresa ni kama mchungaji asiyeweza kutembea. Nikamwuliza ana ushahidi gani kwamba kupumzika kutanisaidia. Akasema wa kupumzika ni mdogo, lakini wa kuendelea kubeba uko pale ukutani kwenye picha. Nilinyamaza, jambo ambalo wenzangu wa karakana hawakuliamini nilipowasimulia.

Walinifanyia chai ya kuniaga hapa Lodwar. Walininunulia blanketi zito, katika mji ambao hata shuka ni adhabu, na kila mtu akasema maneno ya kumwambia bibi kizee. Akiru alikuwa amekaa karibu nami juu ya mtungi mtupu wa gesi. Ndiye fundi mdogo kuliko wote pale, na nilifanya naye kazi tangu siku yake ya kwanza. Hotuba zilipoisha akaniinamia.

"Dada Esinyen, si wewe ulikaa Mombasa? Wameniita kule. Kampuni ya vyumba vya baridi, ile kubwa, vya kuweka samaki. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Niende ama nisiende?"

Alinong'ona, lakini karakana yetu ni ya mabati na haifichi kitu.

"Enda!" dereva akasema. "Utarudi mnono."

"Mombasa joto itamaliza yeye," akasema mwingine.

"Joto? Mimi?" Akiru akajigusa kifua. "Mtu ya Lodwar iuliwe na joto ya Mombasa?"

Tukacheka. Kisha mama anayetunza stoo akauliza, bila ubaya wowote, "Na mama yako kule Lokiriama, utaachia nani?" Kicheko kikaisha. Sote tunajua kwamba kaka zake Akiru wamefuata mifugo upande wa Uganda, na kwamba macho ya mama yao sasa yanaona mwanga na vivuli, basi. Akiru ndiye anayeenda kumwona.

Nilimwambia nitafikiri. Ushauri ni kitu ninachokitilia shaka, hasa ukitoka kwa mtu aliyekalia kiti cha kuagwa. Badala yake nimeandika haya, kwa ajili yake na kwa wengine wa karakana watakaopigiwa simu kama yake. Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja, na kilichobadilika ni rangi ya ovaroli.

Nilifika Mombasa nikiwa na shahada ya uhandisi na shaka kwamba ingenifaa chochote. Nilipokelewa na Mzee Kombo, mwenye karakana ndogo Kongowea iliyotengeneza friji za hoteli na maduka ya samaki. Alikisoma cheti changu mpaka saini ya mwisho, akakikunja vizuri, akaniuliza, "Waogopa panya?"

"Hapana."

"Basi twende kazi."

Nyuma ya friji za jikoni za hoteli kuna panya wa ukubwa ambao chuo hakikuutaja. Lakini adui mkubwa alikuwa hewa. Kwetu Turkana friji huuawa na vumbi: linaziba mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto, mashine inashindwa kupumua, unasugua kwa brashi na maisha yanaendelea. Pwani, chumvi iliyo hewani inakula chuma chenyewe. Niligusa mapezi ya kondensa ambayo haikuwa na miaka mingi, yakamomonyoka vidoleni kama biskuti ya zamani. Skrubu hazikufunguka kwa nguvu wala kwa hesabu. Mzee Kombo alikuwa na kopo la grisi mfukoni, na hakuwahi kukaza skrubu bila kuipaka, hata ya friji ya mtu aliyemtukana.

Sitaki mdhani alikuwa fundi asiyekosea. Alikosea mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Angetangaza kompresa imekufa, akasikitika na mwenye mali kama wako matangani, kumbe ni relei ndogo tu, ile swichi ya kuiwashia, imeungua. Nilipomwonyesha hakukasirika. Alirudi mwenyewe kwa mteja na kusema, "Jana nilikudanganya bila kujua. Leo najua." Wateja walimpa kahawa. Na alikuwa na tabia moja niliyoiiba: hakuondoka kwenye friji aliyoitengeneza mpaka iwe imefanya kazi mbele yake adhuhuri. Asubuhi kila mashine ni nzima, alisema, hata mimi.

Faida za mji ule niliziona kwanza mkononi. Ukihitaji kipuri, unavuka barabara. Hapa kwetu unakiagiza Nairobi, unasubiri basi, na kinachofika ni cha friji nyingine. Kule nilifungua mashine ambazo hapa huwezi kuziona, nikaingia katika vyumba vya baridi vinavyotosha familia na mbuzi wao. Niliyoyajua nikirudi Lodwar niliyapata kule, na nikimwambia Akiru vinginevyo nitakuwa namwibia.

Na ubaya wake? Nilitoka jangwani nikaenda kununua maji kisiwani. Mabomba ya nyumba niliyopanga yalikohoa hewa tu, na maji yakaja kwa mkokoteni ndani ya mitungi, yakiwa na chumvichumvi, huku pande zote tumezungukwa na bahari. Kodi ya chumba ilikula kwanza, chakula kikafuata, nami nikala kilichobaki. Niliwauliza watu wanawezaje. Walinijibu "Mungu yupo," nami nikauliza tena, maana sikuuliza hilo.

Chumba chenyewe kilikuwa Majengo, katika nyumba ya Bi Salama, mjane mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Nyumba ilikuwa na ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na mbele kibaraza. Jioni Bi Salama na binti yake Rukia walikula pale kibarazani. Siku yangu ya kwanza nikitoka kazini akaniambia, "Karibu, mwanangu."

Nikanawa mikono nikaketi. Nikala vizuri.

Kesho yake akasema tena, "Karibu, mwanangu." Nikaketi tena. Ikawa desturi yangu. Niliwapigia simu nyumbani kuwaambia kwamba watu wanaowasema vibaya watu wa pwani ni waongo, kwa sababu mimi nalishwa kila jioni bila hata kuomba. Siku moja nikamwambia kwamba leso aliyojifunga ni nzuri, anipe. Kwetu ukipenda kitu cha rafiki yako unamwomba, naye akiwa hataki anasema hapana, na mnaendelea na chai yenu. Hakuna aliyeumia. Bi Salama aliniangalia kidogo, akaingia ndani, akatoka na leso ile imekunjwa. Sikujua kwamba alikuwa amezisoma adabu zake zote akakosa sura ya mtu anayeomba hivyo, akaona apitie kwenye ile ya kutoa.

Rukia ndiye aliyenifungua macho. Jioni moja nilipokuwa nanawa, akasema, "Wallahi dada huyu! Akiambiwa karibu, hukaribia kweli."

"Rukia!" mama yake akasema. "Mgeni huyo."

"Mgeni siku mbili, mama. Huyu ni wa jembe zamani."

Mkono wangu ukabaki ndani ya bakuli la maji. Wakanieleza. Unapopita watu wanakula wakakuambia karibu, unajibu "starehe," unaendelea na safari. Wakikusihi, unakataa tena kidogo. Wakikushika mkono, hapo ndipo unakaa.

"Kwa nini mtu aseme karibu kama hataki nile?" nikauliza.

"Nani kasema hataki?" Rukia akashangaa. "Ataka. Nawe wataka kula. Lakini lazima mkataekatae kwanza, ndio chakula kishuke."

Nilibishana naye mpaka wali ukapoa. Bi Salama alicheka hadi akafuta machozi kwa pembe ya mtandio. Tangu siku ile alipika zaidi, nami nikajifunza kukataa, mara moja tu, haraka, kabla hajabadili nia.

Mwaka uliofuata kibaraza kilinyamaza. Bi Salama akawa anakula ndani, mlango umerudishwa. Kwa kuwa mimi ni mimi, nikamwuliza pale nje majirani wakiwapo. "Bi Salama, mbona siku hizi huli nje? Kuna shida ya chakula?"

Majirani waliangalia miguu yao. "Alhamdulillahi, twala," akasema, akaingia ndani, na kwa siku kadhaa salamu zake zikawa fupi.

Rukia akanifuata chumbani. "Dada, wajua nyumba ni ya mama. Ardhi je?"

Sikujua. Majengo, kama sehemu nyingi za mji ule, unaweza kuwa mwenye nyumba, mlango, paa na kaburi la mumeo, lakini ardhi iliyo chini ni ya mtu mwingine ambaye hata humjui sura. Mwenye ardhi alikuwa amepandisha kodi yake, na chakula cha kukaribishia wapita njia hakikutosha tena. Bi Salama hakuwa na njia ila kupandisha yetu.

"Mwezi mzima akwambia," Rukia akasema.

"Mimi? Hajaniambia neno."

"Hajakwambia sukari imepanda? Hajakwambia fundi wa paa ataka pesa nyingi? Hajakuuliza kama vyumba vya kule Kisauni ni ghali kuliko hapa? Sasa akwambieje tena, apige ngoma?"

Nilikuwa nimemjibu yote hayo. Kuhusu sukari nilimshauri apunguze.

Nilimwendea jikoni. "Bi Salama, niombe."

"Nikuombe nini, mwanangu?"

"Kodi. Sema unataka kuongeza."

Akajifunika uso kwa leso. "We mtoto wamfanya mtu aone haya jikoni kwake mwenyewe." Lakini aliitaja, akiwa bado amejifunika, na mimi nikamwambia hapana, siiwezi. Akafunua jicho moja. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia hapana isiyokuwa na ugomvi ndani yake. "Basi?" akauliza. "Basi nitahamia Kisauni," nikasema, "na nitakuja kula." Hapo tukacheka wote wawili, yeye akilia kidogo pia.

Kisauni nilipata chumba ng'ambo ya daraja, na majirani wazuri ambao sikuwahi kuwajua vizuri. Nilikuwa nimeshakuwa mwanafunzi mzuri mno. Nilipopatwa na malaria, jirani alibisha akaniuliza hali, nikajibu kupitia mlangoni, "Sijambo, starehe." Akaenda zake. Nikalala pale nikitetemeka, nikijisifu kwa adabu. Mzee Kombo aliponikosa kazini alimpelekea habari Bi Salama, naye akavuka daraja na uji ndani ya chupa.

"Mbona hukusema waugua?"

"Niliona haya."

"Haya!" Akakaa kitandani kwa kishindo. "Wewe! Nani kakufundisha haya?"

"Nyinyi," nikasema.

Alininywesha uji kijiko kwa kijiko, na kila nilipokataa hakujali nakataa kwa adabu ipi.

Ukiniuliza gharama ya mji ule, Akiru, hiyo ndiyo ninayoikumbuka zaidi kuliko kodi. Mahali ambapo kila kitu ni ghali, watu wanajifunza kuficha wanachohitaji ili wasimlemee mwenzao, na wanafanya hivyo kwa upendo kabisa. Sisi tunaanika shida zetu juani kama ngozi. Sijui ipi ni bora. Nimeishi zote mbili, na zote zina harufu yake.

Nafasi ilipotokea Lodwar nilirudi. Siku zangu za kwanza hapa zilikuwa za kusafisha vumbi, na nilipenda sauti ya brashi. Kisha akaja Akiru kutoka chuo cha ufundi, na wiki yake ya kwanza tukaitwa Kakuma kwa Mama Furaha, Mkongo anayeuza samaki wa ziwani waliogandishwa. Nilikuwa nimeshafika kwake nikabadilisha themostati, kile kifaa cha kupima baridi, nikaondoka asubuhi nikiringa. Sasa alikuwa amesimama mlangoni mikono kichwani.

"Dada, frigo ilikufa tena! Samaki yangu yote inaoza, miye nitafanya namna gani?"

Friza ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Nilipima gesi, nikapima umeme, nikatafuta uvujaji kwa povu la sabuni. Hakuna. Nikamwambia Akiru tuketi. Tukakaa kwenye ndoo mbili, Mama Furaha akiomba kwa Kifaransa, mpaka jua likapanda na kompresa ikazima ghafla. Akiru hakuigusa mashine. Aliweka kiganja kwenye ukuta uliokuwa nyuma ya friza, akakitoa upesi.

"Dada, hii mabati inachoma kushinda kompresa."

Friza ilikuwa imeegeshwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana wote, na nyuma yake pamejaa magunia. Ilikuwa inakosa hewa. Mama Furaha alishangaa sana. "Kumbe frigo nayo inasikiaka joto? Miye nilizani kazi yake ni baridi!"

Tuliihamishia upande wa ukuta wa udongo. Nilishika chini mimi, na nilisikia kitu mgongoni kikitoka mahali pake, lakini siku hiyo nilifurahi mno kujali. Tulipokuwa tunakunywa soda, Akiru akaniuliza vile vyumba vya baridi vya Mombasa vikoje. Nikamwambia mtu huingia amevaa koti. Akaliangalia jua la Kakuma lililokuwa limetanda juu ya mchanga wa lagga, ule mto mkavu.

"Siku moja nitaingia moja," akasema. "Na koti. Hapa nitakuwa napanguza vumbi mpaka nizeeke, na hata friji zenyewe ni zile zile."

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika katika kuandika nilipompa asome. Alisoma akiwa ameketi karakanani, polepole, akicheka penye Rukia. Alipomaliza akazikunja karatasi.

"Dada, umeandika yote hii, na hujasema niende ama nisiende."

"Najua."

"Wewe unataka aje?"

Nikamwambia msimu wa vumbi unakaribia. Nikamwambia zahanati za huko Loima zimeongezewa friji za sola na hakuna fundi anayezielewa. Nikamwambia barabara ya Mombasa ni ndefu siku hizi.

"Unazunguka," akasema.

Alisema kweli. Nikavuta pumzi, nikasema kama nilivyolelewa kusema. "Nakuomba ubaki. Simjui mwingine atakayekaa na friji mpaka adhuhuri. Na nimekuzoea."

"Hapana," Akiru akasema.

Lilikuwa neno safi. Liliniuma, na halikuacha uchafu wowote. Akanimiminia chai, tukanywa kidogo.

"Sasa na mimi naomba," akasema. "Nipe wewe mwenyewe. Kila mwezi uende kwa mama yangu, ukae siku moja, mbili. Usimpelekee pesa tu na simu. Ukae. Kama unakataa, sema, na mimi sitaenda."

Nilikuwa na maswali. Nani angenipeleka na mgongo huu? Je, mama mwenyewe aliulizwa? Ni mtoto gani anayegawa mama? Niliyaona yote yamepanga foleni, nikayaacha yasimame hapo.

"Nitaenda," nikasema.

Akiru aliondoka kabla mwezi haujaisha. Amenitumia picha moja: koti kubwa kuliko yeye, na nyuma yake rafu za samaki zisizo na mwisho. Haonekani akitabasamu, nadhani meno yalikuwa yanagongana. Nimemwelekeza kwa Bi Salama, ambaye bado yuko pale pale na kesi ya wenye nyumba dhidi ya mwenye ardhi bado iko pale pale. Nimemwambia mambo mawili tu. Akikaribishwa akatae mara moja, na akiugua aseme siku ile ile.

Mimi nilifika Lokiriama kwa gari la mtu wa afya, nimejaza mto nyuma ya mgongo. Mama yake Akiru alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba yake, akigeuza sikio kila mbuzi alipotembea.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok nooi. Wewe ndiye uliyebaki?"

"Ndimi."

Akanishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko kama anayepima mnyama sokoni, akaridhika au hakuridhika, sikujua. Tulikaa. Baadaye akaniuliza kwa Kiturkana kuhusu mahali alikoenda mwanawe.

"Wanasema kuna maji mengi."

"Mengi, mama. Huoni mwisho wake."

"Mbuzi wanakunywa?"

"Hawanywi. Yana chumvi."

"Na watu?"

"Watu wananunua mengine."

"Nyasi?"

"Hakuna nyasi za kusema. Na mahali pa kulala panauzwa ghali kuliko ng'ombe."

Nilijiandaa kutetea mji wenyewe, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa ndani yake.

"Basi kuna kitu kingine huko," akasema. "Akiru si mjinga." Kisha akanyoosha kiganja mbele yangu. "Nipe tumbaku."

"Sina, mama."

"Utaleta mwezi ujao," akasema, akanisogezea ngozi ili mgongo wangu upate pa kulala.